Gilbert Walker: mwanahesabu mwenye alivumbua mizani ya bahari

Wakaaji wa Uvira, Fizi, Kalemie na Moba wamezoea kusikia jina El Niño kila mara ziwa Tanganyika linapopanda na kuingia ndani ya nyumba. Wavuvi wa Mombasa, Zanzibar na Seychelles wanalijua jina hilo kwa sababu ingine: mwaka 1998 joto lake liliua matumbawe, ile miamba hai ya baharini ambako samaki wengi huzalia na kujificha. Mtu mwenye alifungua njia ya kuelewa mambo hayo hakuwa mvuvi, na hakusomea samaki. Alikuwa mwanahesabu Mwingereza, Gilbert Thomas Walker. Alikufa mwaka 1958, na wakati huo wataalamu wengi walikuwa bado wanaona kwamba kazi yake kubwa haikufika mbali.

Mtoto wa injinia

Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 mjini Rochdale, kaskazini ya Uingereza, katika familia yenye watoto wengi. Baadaye familia ilihamia Croydon, karibu na London, kwani baba alipata kazi ya injinia wa mji. Kijana alisoma shule ya St Paul's, na mwaka 1886 akaingia Trinity College, kwenye chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka 1889 alimaliza wa kwanza katika mtihani wa hesabu, mtihani mgumu kupita yote ya chuo hicho.

Kusoma kupita kiasi kulimvunja afya. Ilibidi aende kupumzika Uswisi, majira ya baridi matatu, na kule akajifunza kuteleza juu ya barafu. Alipenda kila kitu kinachotembea ndani ya hewa. Aliandika juu ya namna ndege wanavyoruka, alisoma namna filimbi inavyotoa sauti, na alirusha bumerangi, kile kipande cha mti cha wenyeji wa Australia ambacho kikirushwa vizuri kinarudi kwa mwenyewe. Wanafunzi wa Cambridge walimpa jina la utani la Boomerang Walker. Mtu kama huyo, mwenye hesabu kali na mwenye kupenda hewa, njo serikali ya Uingereza ilimtuma India mwaka 1903. Mwaka uliofuata alikabidhiwa idara yote ya hali ya hewa ya India.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo.

Njaa ya India, mafuriko ya Tanganyika

Mkulima wa India anategemea mvua ya monsuni, yenye inaanza mwezi wa sita na kuisha mwezi wa tisa. Mwaka 1877 mvua hiyo ilikosa. Njaa iliyoanza mwaka 1876 ikaendelea mpaka 1878, na mamilioni ya watu wakafa. Ukame peke yake haukuua watu wote hao: serikali ya kikoloni iliendelea kutoza kodi na kuacha nafaka isafirishwe nje, wakati wenye kuilima walikuwa wanakufa.

Katika miaka ileile, upande huu wa bahari mambo yalikuwa kinyume. Mvua ilizidi Afrika Mashariki, na ziwa Victoria likapanda sana. Ziwa Tanganyika nalo lilikuwa linapanda tangu miaka mingi, juu mto Lukuga, mlango wake wa kutokea pale Kalemie, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwaka 1878 maji yalitoboa kizuizi hicho na kuanza kushuka kuelekea mto Kongo. Wakati ule hakuna mtu aliyefikiri kwamba ukame wa India na mvua ya Afrika Mashariki vingeweza kuwa na mzizi mmoja.

Wakubwa wa idara waliomtangulia Walker walijaribu kutabiri monsuni. Wa kwanza, Henry Blanford, aliangalia theluji ya milima ya Himalaya: theluji ikiwa nyingi, mvua itakuwa kidogo. Aliyemfuata, John Eliot, mwaka 1899 alitabiri mvua nzuri. Mvua ikakosa kabisa, na njaa ingine ikaingia. Walker alikuta idara yenye watu hawakuiamini tena.

Hesabu za makarani

Walker hakuwa amesomea hali ya hewa, na pengine hiyo ilimsaidia. Hakuanza na mawazo ya namna mvua inavyokuja. Alianza na vitabu vya hesabu. Kila kituo cha hali ya hewa, kutoka India mpaka Australia, kutoka visiwa vya Moris mpaka Argentina, kilikuwa na mtu mwenye kuandika kila siku uzito wa hewa, joto na kipimo cha mvua. Walker alikusanya namba hizo za miaka mingi. Halafu akaweka kundi la makarani wa Kihindi kuzipiga hesabu kwa mkono, karatasi juu ya karatasi, miaka na miaka. Mashine za kuhesabu za leo hazikuwapo. Bila makarani hao, wengi wao majina yao hayajulikani, Walker asingepata kitu.

Swali lilikuwa moja: je, kipimo cha mahali fulani kinapanda na kushuka pamoja na mvua ya India? Mwaka 1909 kanuni yake ya kutabiri ilitumia vitu vinne: theluji ya Himalaya, uzito wa hewa wa Moris, uzito wa hewa wa Amerika ya Kusini, na mvua ya Zanzibar ya mwezi wa nne na wa tano. Mvua iliyonyesha juu ya mikarafuu ya Zanzibar ikawa inaandikwa ndani ya biro ya Simla, katika milima ya India, kwa kutafuta kujua kama mpunga wa Wahindi utaota. Aliangalia pia mafuriko ya mto Nile.

Lakini Walker alijua hatari ya kazi hiyo. Ukilinganisha vitu mia moja na mvua, vichache vitafanana nayo kwa bahati tu, sawa vile mtu akirusha sarafu mara nyingi ataona mara tano upande mmoja ukifuatana. Mwaka 1914 aliandika kanuni ya kupima kama ufanano mkubwa ni wa kweli ama ni wa bahati. Kanuni hiyo aliielekeza kwanza kwa kazi yake mwenyewe, na ufanano mwingi aliokuwa ameupata akautupa.

Kuna jambo lingine la miaka hiyo lenye kumwonyesha tabia yake. Mwanzo wa mwaka 1913 alipitia Madras, na pale bandarini akaonyeshwa daftari za karani mmoja maskini, Srinivasa Ramanujan, mwenye hakuwa na diploma ya chuo kikuu. Walker aliona mara moja kwamba hesabu zile zilimpita. Akaandikia chuo kikuu cha Madras barua ya kuomba karani huyo apewe pesa za kusoma bila kazi ingine. Ilikubaliwa, na Ramanujan akawa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa dunia.

Mizani yenye pande mbili

Matokeo makubwa yalikuja mwisho wa miaka yake 20 ya India. Ndani ya namba zile Walker aliona kitu kama mizani ya sokoni. Hewa ina uzito, na barometa njo chombo cha kuupima. Uzito wa hewa ukipanda katika bahari ya Pasifiki, upande wa Tahiti na Amerika ya Kusini, unashuka upande wa bahari ya Hindi, kutoka Australia mpaka India. Miaka michache baadaye inageuka: kule kunashuka, huku kunapanda. Pande mbili zinatengana kwa maelfu ya kilometa, lakini zinashikwa na fimbo moja. Mwaka 1924 jambo hilo alilipa jina la Mzunguko wa Kusini. Aliona mizani mingine miwili midogo, mmoja katika Atlantiki ya Kaskazini na mmoja katika Pasifiki ya Kaskazini.

Mwaka huohuo alipewa cheo cha Sir, akarudi Uingereza na kuwa profesa wa hali ya hewa Imperial College, London, mpaka 1934. Aliendelea kuchapisha kazi juu ya hali ya hewa ya dunia nzima. Aliongoza pia chama cha kifalme cha wataalamu wa hali ya hewa.

Ila kulikuwa na shida mbili. Ya kwanza, mizani ile haikumsaidia sana kutabiri monsuni, kazi yenyewe aliyotumwa kufanya. Ilionekana baadaye kwamba ilikuwa nzuri zaidi kutabiri mambo ya nchi zingine. Ya pili, Walker hakuweza kusema ni mkono gani unaosukuma mizani. Alihisi kwamba jibu liko ndani ya bahari, lakini vipimo vya bahari vilikuwa haba. Wenzake wengi waliona kwamba ni namba tupu, hesabu isiyokuwa na sababu. Alipokufa tarehe 4 Novemba 1958, akiwa na miaka 90, hata maandiko ya kumkumbuka yalionyesha shaka juu ya faida ya kazi hiyo.

Jibu lilikuwa baharini

Kumbe mwaka uleule wa kifo chake jibu lilikuwa linapimwa. Kati ya 1957 na 1958 nchi nyingi zilishirikiana kupima dunia, bahari na hewa, na El Niño kubwa ikaangukia ndani ya miezi hiyo. Jacob Bjerknes, mtaalamu wa asili ya Norway aliyefundisha California, alichukua vipimo hivyo na kuunganisha mambo mawili yenye watu walikuwa wanayaona mbalimbali.

Wavuvi wa Peru walijua tangu zamani kwamba miaka fulani, karibu na Noeli, maji ya bahari yao yanakuwa moto na samaki wanapotea. Njo waliita El Niño, yaani mtoto Yesu. Kwa miaka ya kawaida, upepo wa Pasifiki unasukuma maji moto ya juu kuelekea Indonesia, na pwani ya Peru maji baridi yenye chakula cha samaki yanapanda kutoka chini. Wavuvi wa Tanganyika wanaelewa jambo hilo vizuri, juu ziwa lao linafanya hivyohivyo: wakati wa kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye mbolea yanapanda upande wa kusini. Bahari ikikosa upepo huo, yale maji moto ya Indonesia yanarudi mashariki, Peru inapata mvua na kukosa samaki, na Indonesia na India vinaweza kukauka. Upepo unabadilisha joto la bahari, joto la bahari linabadilisha upepo. Mkono wa mizani ulikuwa huo. Mwaka 1969 Bjerknes aliupa mzunguko huo wa hewa jina la Walker, miaka 11 kisha kifo chake.

Matumbawe yalikuwa yanaandika

Mizani hiyo ni ya asili. Hakuna mtu aliyeianzisha. Ushahidi unatoka kwa matumbawe. Tumbawe linafanana na jiwe ama mmea, lakini ni wanyama wadogowadogo sana wanaojenga nyumba ya chokaa, na kila mwaka wanaongeza tabaka moja, sawa vile mti unavyoongeza duara ndani ya shina. Ndani ya kila tabaka inabaki alama ya joto la maji ya mwaka huo. Watafiti waliotoboa tumbawe la Malindi, pwani ya Kenya, walipata kumbukumbu ya karibu miaka 200, na El Niño za Pasifiki zilionekana mle, ng'ambo ya pili ya dunia. Matumbawe ya kale ya Papua New Guinea yalionyesha kwamba El Niño zilikuwapo hata miaka zaidi ya 100,000 iliyopita. Walker alitumia daftari za makarani. Bahari ilikuwa na daftari yake yenye kurudi nyuma kupita hapo.

Matumbawe hayaandiki tu, yanaumia pia. Ndani ya mwili wa kila mnyama yanaishi majani madogo sana yenye kumpa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakipita joto la mwezi wa moto zaidi kwa kiasi cha digrii moja tu, na yakidumu hivyo kwa wiki kadhaa, mnyama anatapika majani yake. Tumbawe linabaki jeupe kama mfupa. Joto likishuka haraka, linaweza kupona. Likikawia, linakufa kwa njaa.

El Niño ya 1982 mpaka 1983 iliua karibu matumbawe yote ya visiwa vya Galápagos. Ile ya 1997 mpaka 1998 iliharibu vibaya kiasi cha asilimia 16 ya miamba yote ya dunia. Visiwa vya ndani vya Seychelles vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai, na pwani za Kenya na Tanzania nazo ziliumia sana.

Na joto si silaha moja tu ya mizani. Wakati wa El Niño usawa wa bahari unashuka upande wa magharibi wa Pasifiki, na matumbawe ya juu yanabaki wazi kwenye jua. Mwaka wa kinyume, wenye kuitwa La Niña, unaleta mvua kubwa Australia, na mito inamwaga maji matamu na matope juu ya miamba. Mwaka 1997 visiwa vya Mentawai, karibu na Sumatra, vilipoteza matumbawe yao bila joto: maji baridi yenye mbolea yalipanda, moshi na majivu ya misitu inayoungua vikaongeza mbolea ingine, vijimea vyekundu vikajaa baharini na kunyima matumbawe hewa.

Pigo hilo la Mentawai lilitoka kwa mizani ingine, ya bahari ya Hindi yenyewe, iliyopewa jina mwaka 1999. Upande wa Indonesia unapopoa, upande wa Afrika unapata joto na mvua. Hiyo njo inagusa maziwa yetu sana. Mwaka 1961 ilisukuma mvua kubwa, na mwaka 1964 Tanganyika ikafika urefu wenye wazee wanaukumbuka mpaka leo. Mwaka 1997 ilitembea pamoja na El Niño, na maziwa yakapanda tena. Mwisho wa 2019 ikarudi kwa nguvu, na tangu 2020 mpaka 2024 watu wa Uvira na Kalemie wamehama nyumba mara nyingi.

Mizani ileile, sakafu ingine

Kama mizani ni ya asili na matumbawe yameishi nayo miaka maelfu, kwa nini leo yanakufa? Jibu ni kwamba sakafu yenye kubeba mizani imepanda. Moshi wa makaa, petroli na misitu inayoungua umepasha bahari joto. Wakati wa Walker, El Niño iliongeza joto juu ya bahari yenye baridi kiasi, na miamba mingi ilivumilia. Leo inaongeza joto juu ya bahari iliyokwisha kupata moto. Hata mwaka wa La Niña, wenye ungepaswa kuwa wa kupumua, siku hizi bahari za tropiki ni moto kuliko zilivyokuwa mwaka wa El Niño miaka ya 1980. Zamani hizo mwamba mmoja ulipata pigo kali mara moja ndani ya miaka 25 ama 30. Kufika 2016 ilikuwa karibu kila miaka sita. Matumbawe yenye kukua mbio yanahitaji miaka 10 ama zaidi kwa kupona. Aprili 2024 wataalamu walitangaza pigo la nne la dunia nzima.

Kazi ya kutenganisha vitu hivi viwili, mizani ya asili na sakafu inayopanda, inahitaji kitu kilekile chenye Walker alitegemea: vipimo vya kila siku, vya miaka mingi, bila kuruka. Huku mashariki ya Kongo njo vinakosekana. Mwezi wa tano 2023 mvua iliporomosha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe, zaidi ya watu 400 walikufa. Timu ya wanasayansi wa nchi mbalimbali ilijaribu kupima kama mabadiliko ya tabianchi yalikuwa na mkono ndani ya mvua ile. Ilishindwa kutoa jibu, kwa sababu vipimo vya vituo vya eneo hilo vilikuwa vichache mno.

Vituo vilivyoanzishwa wakati wa ukoloni, kama vya Mulungu na Lwiro, na watafiti wa ziwa wa Uvira, wameendelea kufanya kazi katika vita na katika miezi bila mshahara. Chombo cha kupimia mvua ni kopo lenye mistari, na kazi ya kukisoma inachukua dakika tano kila asubuhi. Namba za namna hiyo, zilizoandikwa Zanzibar na Moris na watu ambao hawakumjua Walker, njo zilimwezesha kuona mizani ya bahari mbili bila kutoka ndani ya biro yake ya Simla.